Punda wa Deni la Husseini

Mume wangu Ridhwani anajulikana Amu nzima, ndiyo Lamu hiyo, kwa jambo moja tu: akisema neno, limesemwa. Ukimwambia akuletee mchanga Jumatatu asubuhi, hata inyeshe mvua ya kubomoa mapaa, Jumatatu asubuhi utawasikia punda mlangoni kwako. Miaka ishirini na moja amefanya kazi hiyo, kubeba mchanga, mawe na saruji kutoka gatini hadi ndani ya vichochoro visivyopitisha hata mkokoteni, na sijasikia mtu akilalamika kwamba alimwahidi akamtupa. Mimi ndiye mkewe. Naitwa Afra, nauza viazi vya karai barazani kwangu kila baada ya alasiri, na mimi najulikana kwa mdomo. Ndiyo maana habari hii naisimulia mimi. Ukimwachia yeye, atakwambia "Alhamdulillahi", na hapo itakuwa imekwisha.

Husseini alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wao. Alikaa nasi, chumba cha chini, maana hakuwa ameoa. Kazi yake ilikuwa vibarua: akivuka kwenda Kililana, huko karibu na bandari mpya, akajenga, akachimba, akalipwa leo, akacheleweshewa mwezi ujao. Kijana mpole, mcheshi, mwenye simu mkononi saa zote. Miaka ishirini na tisa. Aliugua homa siku tatu tu. Jumatano, kabla ya adhuhuri, akaenda zake.

Mimi nililia mpaka sauti ikanikauka. Ridhwani hakulia. Alimwosha nduguye kwa mikono yake, akamvika sanda, akabeba jeneza, na uso wake wakati wote huo haukuwa na kitu. Nilidhani atalia usiku ule. Nikadhani atalia siku ya hitima. Nikaacha kudhani.

Sasa, kwetu jeneza likishawekwa mbele, kabla ya kusaliwa, mtu wa karibu husimama akauliza kama yuko anayemdai marehemu. Hilo si jambo la mchezo, maana roho ya Muislamu hufungika na deni lake mpaka lilipwe. Lakini maneno yenyewe yana desturi yake. Watu husema, mwenye kudai aonane na jamaa, tutatazama alichoacha. Umeona? Maneno hayo yana mlango wa kutokea. Ridhwani hakuacha mlango. Alisimama mbele ya safu zote akasema, "Mwenye kumdai ndugu yangu, na aye kwangu. Deni lake ni langu." Akalirudia mara ya pili, waje kwake, wasikie na waliokuwa nyuma.

Mimi sikuwepo msikitini, lakini nimemwona akisema, maana siku hizi hata maiti hazikwi bila video. Mtu wa safu ya nyuma alirekodi, na kabla udongo haujakauka kule makaburini, video ilikuwa imeshaingia kwenye grupu la jamaa.

Waliokuja kudai mwanzo walikuwa watu wenye haya. Alikuja Dawud wa duka la pembeni, mkate na maziwa, shilingi mia sita na arubaini, na akaja kwa sababu Ridhwani alimwita mara tatu. Akalipwa. Akarudisha nusu, akasema hiyo ni sadaka ya maiti. Fundi wa cherehani naye akaja, akalipwa. Nikasema, haya, basi yamekwisha, tupumue.

Siku ya hitima simu ya Husseini ikalia. Ridhwani alikuwa ameiweka rafuni sebuleni, na kila asubuhi aliitia chaji, ili mwenye kudai akipiga asikose mtu. Nilimwambia izime simu ya marehemu, inanitia baridi. Akasema, "Nimewaambia waye kwangu. Sasa niwafungie mlango?"

Aliyepiga alijitambulisha kwa jina la Ryan, kutoka kampuni moja ya mikopo ya simu, ya Nairobi. Jina la kampuni silitaji, nisije nikaitangazia biashara bure. Husseini, asema, alikopa shilingi elfu kumi na mbili wakati mshahara wa Kililana ulipochelewa. Sasa zimekuwa elfu thelathini na moja. Zaidi ya maradufu! Mimi na viazi vyangu sijawahi kuona kitu kinachovimba namna hiyo.

Na kumbe hawakuanzia kwetu. Walikuwa wameshapiga nambari zote walizozichota kwenye simu ya Husseini siku alipokopa: imamu, mnyapara wake wa Kililana, mpaka mama yangu mzazi kule Matondoni, mwanamke wa miaka sabini na mbili. Wakamwambia Husseini ni mwizi, amejificha. Mama akawajibu kwamba kweli amejificha, yuko makaburini, waje na majembe yao. Mdomo huu sikuuokota njiani.

Mmoja wa hao waliopigiwa, Mungu amsamehe, alichoka kusumbuliwa, akawatumia ile video ya msikitini. Aliwapelekea ushahidi kwamba mtu amekufa. Wao wakasikia kwamba deni limepata mwenyewe. Ryan akampigia Ridhwani, akamwambia, "Mzee, clip nimeiona. Si mimi nimesema, ni wewe umesema deni ni lako." Na Ridhwani akamjibu ndiyo, nimesema.

Hakuuliza zilikopwa lini. Hakuuliza karatasi iko wapi, wala elfu kumi na mbili zimegeukaje kuwa thelathini na moja. Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza, akasema kumdadisi mdai ni kumwambia maiti kwamba ahadi ile ilikuwa ya uwongo. Nikamwambia maiti hasikii, huyo Ryan ndiye anayesikia.

Akamuuza Kapteni. Tulikuwa na punda watatu, Kapteni, Sukari na Tarishi, na Kapteni ndiye aliyekuwa kiongozi. Wenzake walimfuata bila kuchapwa. Bakr wa Matondoni akamchukua kwa elfu ishirini na mbili, na zote zikapelekwa kwa simu siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata Ryan akapiga. Zile, asema, zimeingia kwenye faini. Deni lenyewe bado, limebaki elfu ishirini na nane. Akauzwa Sukari.

Mtu atauliza, na wewe Afra mwenye mdomo, ulikuwa wapi? Nilikuwepo. Nilisema ya wiki ya kwanza, nikasema ya wiki ya pili, kisha maneno yakaniishia. Nilikuwa na uchungu, na uchungu wenyewe ukafa ganzi. Niliamka, nikamenya viazi, nikakoroga unga, nikauza, nikalala. Ridhwani alitoka na Tarishi peke yake, mzigo wa punda watatu akaugawa, nusu kwa punda na nusu kwa mabega yake. Akirudi anakula tonge tatu, anaosha mikono, anakaa akitazama ile simu. Hatukugombana. Heri tungegombana. Nyumba ilikuwa na watu wawili na haikuwa na mtu.

Mwezi wa tatu Ryan akapiga kwa mara ya mwisho, au ndivyo alivyosema. Zimebaki elfu kumi na tisa. Ijumaa isipofika pesa, picha ya Husseini itatumwa kwenye kila grupu la Amu, imeandikwa mwizi. Ridhwani akaweka simu rafuni. Akaniambia Bakr atakuja kumtazama Tarishi Alhamisi.

Tarishi akiondoka, kazi ya punda imekwisha. Mwanamume wa miaka arubaini na sita, kazi nyingine hajui. Nilijua hilo, naye alijua.

Jumanne yake Wamuyu akaja kula viazi. Huyu ni mwanamke wa bara, wa Nyeri, wakili msaidizi katika ofisi moja ya msaada wa sheria, ghorofani, huku mbele pwani. Kila Jumanne hula sahani moja, na ukwaju wangu anautia mpaka viazi vinaelea. Simu ya Husseini ikalia ndani, naye akaona nilivyoshtuka mwiko mkononi. Akauliza. Sijui nini kilinipata, labda ni kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Nikamwambia yote, kuanzia msikitini mpaka Tarishi, huku viazi vikiungua.

Wamuyu akaweka sahani chini. Akaniuliza swali moja tu. "Bi Afra, kuna karatasi yoyote Bwana Ridhwani aliyotia sahihi?"

Nikamwambia hakuna. Akasema nimlete kesho.

Kumleta vipi? Ridhwani haendi kwa wakili hata umfunge kamba. Basi nikamwambia yule mwanamke wa bara wa ofisi ya juu anataka mchanga, shogi mbili, yale makapu ya punda, kesho saa tatu, na nimeshamkubalia kwa niaba yako. Saa tatu kamili Tarishi alikuwa mlangoni pa ofisi na mchanga wake. Wamuyu akautazama ule mchanga, akanitazama mimi, akasema utiwe chini ya ngazi. Mpaka leo upo hapo.

Akatuketisha, akamweleza Ridhwani taratibu, kwa Kiswahili chake cha shule. Kwamba deni la mtu aliyekufa hulipwa kutokana na alichokiacha, si kutokana na punda wa kaka yake. Kwamba mtu hawi mdhamini wa deni la mwenzake kwa maneno ya mdomo; lazima iwe imeandikwa na ametia sahihi, na video si sahihi. Kwamba wakopeshaji wa simu siku hizi wana sheria yao: wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, wamweleze mtu gharama yote kabla hajakopa, na hawana ruhusa kuwapigia watu waliokutwa kwenye simu ya mkopaji, wala kutukana, wala kutishia kumwaibisha mtu. Akahesabu kwa vidole makosa waliyotufanyia, vidole vya mkono mmoja havikutosha.

Mimi nilihisi damu inarudi mwilini. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Bi Wamuyu," akasema, "sheria imenifungua. Nashukuru. Lakini mimi sikuiambia sheria. Niliwaambia watu, na maiti iko mbele yangu."

Nilimwona Wamuyu amekwama, na hakuwa mtu wa kukwama. Kwenye vitabu vyake vyote, nadhani, hakuna ukurasa wa mtu anayefunguliwa mlango akakataa kutoka. Mwishowe Wamuyu akasema sawa. Kama analipa kwa ahadi yake, basi angalau ajue alichoahidi ni kiasi gani hasa. Husseini alikuwa akidaiwa ngapi siku aliyokufa? Akaomba afunguliwe ujumbe katika simu ya marehemu.

Ridhwani alikuwa ameileta, ikiwa mfukoni. Akaitoa, akaiweka juu ya meza, kisha akaifunika kwa kiganja.

Hapa lazima niwaambie jambo. Miezi mitatu simu ile ilikaa rafuni kwetu, ikichajiwa kila asubuhi, na hakuna aliyeifungua. Kuipokea ikilia, ndiyo. Kuingia ndani, hapana. Simu ya mtu ina siri zake, na siri za maiti husitiriwa kama mwili wake. Hata mimi na ujuba wangu sikuwahi kuigusa. Ndivyo tulivyolelewa, na sikuona kosa lolote ndani yake mpaka siku ile.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akasema Ridhwani. "Mimi ndiye niliyemwosha. Sitamfunua."

"Mimi sikumwosha," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nikimpikia." Nikamwondoa mkono, nikaichukua.

Alama ya kuifungulia tuliijua sote nyumbani, Husseini alikuwa akiichora mbele yetu wakati wa kula. Nikaingia kwenye ujumbe. Sikutazama mengine, naapa. Nikateremka mpaka siku zile za ugonjwa. Na ukawa pale pale, wala haukujificha. Jumatatu, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi: umelipa shilingi elfu kumi na tatu na mia nane. Chini yake, dakika mbili baadaye, kampuni yenyewe imejibu: tumepokea malipo yako yote, asante. Wamuyu akainama, akasoma, akateremka mpaka kwenye ujumbe wa siku aliyokopeshwa. Elfu kumi na mbili, alipe elfu kumi na tatu na mia nane, mwisho Jumatatu ile ile. Alilipa siku yake, akalipa zote. Pesa ziliwafika, wakampa risiti, kisha hesabu zao zikaendelea kuvimba tu.

Jumatatu ile naikumbuka. Alikuwa kitandani anatetemeka, akaniomba nimpe simu. Mimi nikamletea, nikamsema. Nilimwambia hata homa haikutenganishi na upuuzi huu. Akacheka kidogo, akaendelea kubonyeza. Uji ukapoa, nikamsema na kwa hilo. Sikujua. Ningejua ningemshikia simu mwenyewe. Hilo nitakwenda nalo kaburini, na wala halihitaji sheria.

Ridhwani akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniambia nisome tarehe peke yake. Nikaisoma.

"Kwa hivyo aliondoka hana deni," akasema.

"Hana."

Akakaa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, ina mchanga bado. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimemtangaza mdaiwa miezi mitatu."

Wamuyu akatoa fomu za malalamiko. Akaandika kila kitu, nambari ya kila ujumbe, kila pesa tuliyotuma. Moja kwa kampuni, moja kwa Benki Kuu, moja kwa ofisi inayolinda taarifa za watu. Akamuuliza Ridhwani anadai arudishiwe kiasi gani. Mume wangu akasema hadai kitu, pesa zilizokwenda zilikwenda kwa nia ya nduguye, naye hatarudi kuzitaka. Hapo jamani nilitaka kumrukia. Punda wawili! Nikamwambia sadaka haitolewi kwa wezi, na kama hataki za Kapteni, mimi nataka za Sukari. Wamuyu akatuacha tuzozane, na nikiri kweli, ilikuwa raha kuzozana naye. Kisha akasema kwa upole kwamba katika vitabu vya kampuni jina la Husseini bado limeandikwa mdaiwa, na bila ya malalamiko kutiwa sahihi litabaki hivyo.

Ridhwani akavuta kalamu, akatia sahihi zote tatu. Kiasi cha kudai nilikijaza mimi.

Alhamisi Bakr alikuja, akanywa kahawa, akaondoka bila punda. Ijumaa hapakutumwa picha yoyote. Ryan hakupiga tena; Wamuyu alikuwa ameshampigia yeye.

Zikapita wiki tano. Asubuhi moja, simu ikiwa kwenye chaji yake, ikaingia ujumbe. Ridhwani akanipa nimsomee. "Hongera Husseini! Umemaliza deni lako. Sasa unaweza kukopa hadi shilingi elfu ishirini. Bonyeza hapa." Nilisoma mpaka mwisho bila kupumzika, maana nilikuwa nimeshaanza. Hakuna barua ya kuomba radhi, hakuna rambirambi. Wanataka kumkopesha maiti. Nilingoja hasira ije, nikakuta hata hiyo imechoka.

Ridhwani akachukua simu, akaisoma mwenyewe, kidole juu ya kila neno. Akavaa kanzu. Ilikuwa Ijumaa.

Yaliyofuata niliyapata kwa Dawud wa duka. Baada ya sala, kabla watu hawajatawanyika, mume wangu alisimama mahali pale pale alipokuwa amesimama siku ya jeneza. Akasema yeye aliwaambia watu neno kuhusu nduguye, na neno lile halikuwa kweli, nao wamshuhudie. Akasema Husseini alilipa Jumatatu, akafa Jumatano. Akainua simu akasoma: "Hongera Husseini. Umemaliza deni lako." Akaishia hapo. Yaliyobaki hakuyasoma. Dawud asema alitaka kuongeza jambo, sauti ikamkatika, na watu wakasubiri, wakasubiri, mpaka imamu akamshika mkono akaanza kuwasomea Fatiha.

Pesa za punda bado hazijarudi. Wamuyu asema faili iko mbioni, na mimi kila Jumanne namuuliza imefika wapi, namtilia ukwaju. Tarishi yuko, anabeba anachoweza.

Ijumaa ile Ridhwani alirudi saa nane. Simu akaiweka rafuni, waya wa chaji akauzungusha, akautia mtotoni mwa meza. Akaketi mkekani, nikampakulia wali na samaki. Akala. Alikula tonge tatu, akala na ya nne, na kwenye ya tano mabega yakaanza kumtetemeka, machozi yakamtiririka mpaka kwenye sahani, naye anaendelea kutafuna.

"Afra," akasema, "leo ndiyo nimemzika."

Nikamwongeza wali.